Jiwe Moja

Kura zilikuwa punje:
mahindi kwa wanaotaka mlima,
maharage kwa wasioutaka,
na kopo la Kimbo lililofunikwa kitenge
ili mkono uingie, jicho libaki nje.

Mimi nilikuwa karani wa soko la Kiboriloni.
Nilikuwa na daftari, kalamu mbili, na upande,
ingawa karani hatakiwi kuwa na upande.
Nilitaka mlima.
Nilishauona ukutani, kwenye ukuta ule mrefu wa choo,
theluji yake, na wingu lake la saa nne.

Lakini Mama Aikaruwa wa mshare alisimama:
"Mlima tunaamka nao kila siku.
Tununue rangi ya kuchora kinachoonekana bure?"
Watu wakacheka.
Mbonea, mchoraji, aliyekuja na mlima wake
umeshapigwa miraba kwenye karatasi,
akaikunja taratibu
kama shati ambalo mteja amelijaribu akalirudisha.
"Haya. Semeni ninyi."

Lo! Tukasema.
Wa mitumba walitaka belo linapokatwa kamba,
mikono yote juu, kabla bei haijajulikana.
Senzota alitaka cherehani yake, na namba yake ya simu.
(Namba ilikataliwa. Aliomba iandikwe kwamba amekasirika.
Imeandikwa.)
Ombeni wa viatu alitaka chokaa tupu, basi:
"Macho nayo yanataka pa kukaa."

Tulikutana Jumanne tatu.
Jumanne ya pili mvua ilipiga, tukabaki sita,
tukapitisha mambo kumi na moja, haraka, kwa furaha.
Jumanne ya tatu waliokimbia mvua wakarudi
wakayafuta yote kumi na moja,
na walikuwa na haki.

Nikamwaga kopo juu ya meza.
Mahindi, thelathini na saba.
Maharage, arobaini na moja.
Na jiwe.

Dogo, la kijivu, la kuchambuliwa kwenye mchele.
Wengine walisema litupwe, limeingia kwa bahati mbaya.
Nililiandika: *jiwe, moja*,
nikauliza kwa sauti ni la nani,
nikitarajia kicheko.

"Langu," alisema Nakiete, kutoka mlangoni.
Ufagio ulikuwa mkononi bado.
"Punje mligawa kwa wenye meza.
Mimi mlinipa ufagio miaka tisa iliyopita,
hamjanipa kitu kingine."

Kanuni ya wenye meza niliiandika mimi.
Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wangu mzuri.

Mbonea ndiye aliyeuliza anataka nini ukutani.
"Ukutani sina shida.
Ninyi mnatazama juu. Mimi kutwa natazama chini."

Basi ukashuke wenyewe kuuona.
Unaanza na belo na mikono,
unapita kwenye cherehani isiyo na namba,
unapumzika hatua tatu kwenye chokaa ya Ombeni,
kisha unakunja pembe, unateremka hadi sakafuni,
na pale kwenye saruji, kuzunguka mfereji,
kuna maganda, manyoya ya kuku, tiketi za ushuru,
nyayo za viatu vya kila namna,
vyote vimepakwa kwa subira,
rangi njema kuliko zote zimekwenda huko.
Mimi nilipewa kona ya vitunguu.
Vimetoka kama mawe. Hakuna aliyeniambia vifutwe.

Rangi ya sakafu haidumu, tunaikanyaga.
Kila baada ya masika tunakaa tena,
tunagombana tena kuhusu bluu,
nani aliimaliza, nani alete.
Siku hizi nagawa punje kuanzia mlangoni kwenda ndani.

Mlima? Uko pale pale.
Leo asubuhi ulifunuka dakika kumi hivi.
Nakiete alikuwa anasugua manyoya yaliyochorwa,
akidhani ni ya kweli.
Alipogundua, alitukana, akacheka,
akayafagia hivyo hivyo.