O Yenye Mkia

Mimi ni mchora mabango, Kibuye, nyuma ya wauza mitumba.
Herufi nilizijua kwa brashi kabla ya kuzijua kwa sauti:
M hunywa rangi kama ng'ombe wa kiangazi,
I haina hasara,
S ukiianza vibaya hairekebishiki.
Q nimeichora mara moja tu katika miaka kumi na saba,
saluni ya Queen Rispa, kule Kondele,
na mkia wake ukatiririka hadi kwenye namba ya simu.

Jumamosi alasiri, mvua ikitishia kutoka ziwani,
huenda Migosi kwa Mwalimu Benta Obura,
aliyefundisha kemia mpaka macho yakachoka.
Tunacheza Skrabo. Kwa Kiingereza,
kwa kuwa ubao ulikuja hivyo
na herufi zilitiwa bei huko huko zilikotoka:
K tano, Z kumi.
Siku ya kwanza nilicheka.
Kumi, kwa Z? Z ya mzazi, ya mzizi, ya zizi?
K tano, nami jikoni tu nina kuku, kikombe, kijiko, koko?
Kwao adimu, kwetu shibe.
Bei ya herufi ni kama bei ya omena:
uliza kwanza umesimama ufuo gani.

Shida yangu ni Q.
Kiingereza hakiitoi nje bila U kuishika mkono,
na U zenyewe ni nne tu mfukoni.
Nikanunua daftari la kurasa thelathini na mbili,
nikaazima kamusi ya Mwalimu, nene kama tofali,
nikaanza kuwinda Q zinazotembea bila mlezi.
Usiku, taa chini, nikapata suq.
Nikapata qadi. Nikapata faqir.
Nikapata talaq, nikaisoma kwa sauti,
na Trufosa, niliyedhani amelala, akauliza:
"Unampa nani?"

Nikaweka kalamu.
Soko. Kadhi. Fakiri. Talaka.
Nimezunguka msitu wa watu wiki nzima
nikiwatafuta binamu zangu,
kumbe wamekaa sebuleni kwa mgeni, wamevaa kofia nyingine.
(Nasi tuliwakopa, sijasahau.
Ila kwetu walishazoea hata ugali.)

Jumamosi iliyofuata mkono wangu ulikuwa na M,
Z, E, na E nyingine.
Nikazipanga juu ya pinki, penye maradufu.
Mwalimu akavua miwani.
"Wesonga, hilo ni la kwenu."
"Fungua."
Akafungua. Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama.
Mzee alikuwemo,
pale M zinapokaribia kwisha,
kama aliyechelewa harusini akapewa kiti cha mlangoni.
Hakuna aliyemtafsiri. Hakuna aliyemwamkia.
Thelathini, bila jasho.

Usidhani nilishinda.
Kibao cha mwisho nilichovuta kilikuwa Q yenyewe,
na ubaoni hapakuwa na A yenye nafasi
wala I ya kunihurumia.
Suq naijua. Talaq naijua. Daftari limejaa.
Lakini kujua neno si kuwa na herufi zake,
kama vile kujua bei ya nyama si kula nyama.
Nikakatwa kumi. Nikashindwa kwa sita.
Mwalimu akamimina chai, hakusema kitu,
ila aliimba kidogo puani.

Jumatatu Trufosa anafua.
Anatoa kwenye mfuko wa ovaroli kibao cha mti,
kidogo kuliko kipande cha sabuni.
"Na hii ni nini tena?"
"O," nasema. "Imeota mkia."
Anaigeuza, anaikwaruza kwa ukucha, anaipuliza povu.
"Basi irudishe," anasema, "kabla mwenyewe hajaanza kuitafuta."

Jumamosi iko mbali.
Naiweka dirishani ikauke, karibu na brashi,
naenda zangu kazini: kuna fundi cherehani
anangoja bango, na jina lake, Okoko Kokeyo,
lina K nne.
Nimemwambia ni bei ile ile.