Mshale wa Juu

Mji huu haujawahi kuandikwa njia.
Mgeni wa Lamu huambiwa: nenda, ukifika penye mkunazi kunja,
na mkunazi ulikatwa mama yangu akiwa kigori.
Tunafika tu.
Punda akija unabana mgongo ukutani,
na hapo hapo unauliza tena.

Ndipo wakaniita niandike vibao vya maktaba mpya,
nyumba kongwe ya Mkomani, ghorofa mbili za mawe,
chumba nyuma ya chumba nyuma ya chumba,
na cha ndani kabisa, walimozaliwa watu,
sasa ni cha vitabu vya watoto.

Orodha ya maneno ilikuja na barua yenye muhuri:
Marejeleo. Machapisho ya Vipindi. Meza ya Mzunguko.
Niliandika nilivyoagizwa, kwenye karatasi kwanza,
nikabandika, nikaketi pembeni na daftari, nahesabu.

Choo: mara thelathini na tisa, siku ya kwanza.
Na mama mmoja, kitabu cha mapishi kwapani,
aliizunguka Meza ya Mzunguko mara mbili, taratibu,
kama anayetimiza sharti,
akamwinamia Bi Mwanesha:
“Yatosha, au niongeze?”

Jioni ile nikaing'oa. Nikaandika KUAZIMA NA KURUDISHA.
Marejeleo nikayafuta: HIVI HUSOMWA HAPA HAPA.
Bi Mwanesha akasema, refu hilo.
Refu, nikamwambia, lakini halikuinui kitini.

Herufi nilizipima kwa macho ya fundi Shekuwe,
ambayo mtoto wa jicho ameyala nusu.
Nilimsimamisha mlangoni, nikarudi nyuma na ubao
hatua, hatua,
hadi aliposema, “Hapo imekuwa inzi.”
Sasa najua: chini ya kimo cha gumba, herufi ni inzi.
Rangi ya nili juu ya chokaa.
Mwenyekiti alitaka dhahabu; nikampa dhahabu mlango wa ofisi yake.
Misumari niliikataa. Ukuta huu hutoka jasho la chumvi,
msumari haumalizi mwaka.
Vibao vyangu vyaning'inia kwa kamba, kutoka kwenye boriti.

Kosa langu lilikuwa mshale.

Magazeti yako mbele, moja kwa moja, ukishapita kiwambo.
Nikachora mshale ukitazama juu,
maana ndivyo tulivyofunzwa, juu ni mbele.
Bwanadi, mchukuzi wa simenti, saa yake ya mapumziko,
akauamini.
Akapanda ngazi. Akaipita Historia, akakipita Kilimo,
akapanda na ile ya mbao waliyoisahau mafundi,
akatokezea darini, kwenye tangi la maji na kunguru wawili.
Tukamsikia akiita kutoka huko:
“Nimefika! Mbona ni mawingu matupu?”

Nilicheka. Kisha sikucheka.
Aliyekisoma kibao changu ndiye aliyepotea.
Waliokipuuza walifika.

Nikaulaza mshale. Nikakihamisha kibao
kutoka pale kilipopendeza
hadi ubavuni mwa mlango, pale mguu unaposita,
kwani mtu hasomi ukuta, husoma shaka yake.
Siku nzima nilitazama miguu tu:
kandambili, makubadhi, miguu mitupu yenye vumbi la chokaa,
na kila iliposimama nikatia alama ya chaki.

Siku hizi choo huulizwa mara nne.
Bi Mwanesha analalamika:
sasa wanamuuliza vitabu, na vitabu ni kazi.

Bwanadi, lakini, alishaonja upepo wa juu.
Saa saba huchukua gazeti, hupanda nalo. Hairuhusiwi.
Na juzi chini ya neno MAGAZETI
nikakuta mtu kaongeza kwa penseli, vijiherufi vya inzi:
moja liko darini.

Nilikwenda na kitambaa kufuta.
Nikarudi kuchukua brashi.
Nililiandika upya, kwa nili, kimo cha gumba,
na pembeni yake mshale,
ukitazama juu.