Nyuki Hafi Kibudu

Nilishuka Szentes na begi la vipeperushi,
vimechapwa Daejeon, wino bado unanukia,
na programu yetu ndani ya simu tatu.
Hupima joto la mzinga, hupima uzito wa asali,
humwambia mfugaji kabla hajavaa wavu
kundi lipi lina njaa, lipi limepoteza malkia.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Chetu kilikuwa kizuri. Nikakitembeza.
Huko kwetu, watu elfu thelathini walikipakua.
Hapa Hungaria, kumi na mmoja,
na sita kati yao ni sisi wenyewe.

Bosi Pyo alisema lugha si shida:
mashine imetafsiri yote usiku mmoja
kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa.
Nami niliamini. Maneno yalijipanga vyema,
yenye nukta na vistari juu, kama mizinga iliyoezekwa upya.
Mgeni haoni lugha inapochechemea,
huona tu kwamba inatembea.

Jumamosi, kwenye maonyesho ya asali,
wanaume wawili walisoma bango letu wakaangua kicheko.
Mmoja akamwita mkewe, mkewe akamwita dada yake.
Nikatabasamu. Nikadhani soko limefunguka.
Villő, mwanafunzi niliyemkodi kwa saa,
alinivuta mkono, masikio yamemwiva:
“Méh ni nyuki. Lakini méh ni tumbo la uzazi pia.
Na bango lako linawauliza hawa wenye masharubu,
Unajua nani anaishi tumboni mwako?”

Tulibandika karatasi juu ya neno. Haikushika.

Aliyebaki kwenye meza yetu ni Piroska Dobos,
mkunga wa hospitali, mwenye mizinga arobaini.
“Kwangu zote mbili ni kazi,” akacheka,
akaichukua simu, akapekua kwa kidole gumba:
joto, sawa; uzito, sawa; bei, ghali lakini sawa.
Kisha akafika kwenye ilani nyekundu,
ile inayotokea mzinga ukinyamaza.
Kicheko kikamkauka.

Villő alitafsiri polepole, kama anayebeba maji ya moto.
Mashine yetu imesema kundi limekufa kibudu.
“Kuku hufa kibudu,” alisema Piroska.
“Ng'ombe, paka, hata farasi niliyempenda.
Nyuki hapana. Nyuki hufariki,
kwa neno lile lile tulilomwambia kasisi
siku ya baba.”
Akailaza simu kifudifudi mezani,
akaondoka na mtungi wake.

Usiku ule, chumbani juu ya duka la matairi,
nilimpigia Pyo. Kwao kulikuwa kunapambazuka.
“Neno moja,” akasema. “Litatuletea wateja wangapi?”
“Labda mmoja.”
Nikasikia akikoroga kitu kikombeni.
“Bosi, bibi yako alipokufa ulituambiaje ofisini?”
Kijiko kikasimama.
Kwa lugha yetu bibi hafi. Bibi hurudi.
Hatusemi amerudi wapi.
“Badilisha,” akasema, akakata.

Tulibadilisha neno hilo, na mengine mia mbili na tatu,
Villő akilipwa kwa neno, si kwa saa.
Wafugaji wakaja, si kwa kundi, wawili, mmoja,
mwingine akatupa nyota mbili kwa sababu ya rangi.
Mwezi wa kumi jina la Dobos likatokea orodhani.
Hakuandika maoni. Hakutoa nyota.

Februari, kwenye kompyuta yangu Daejeon,
mzinga wake wa tisa ulishuka joto saa nane usiku,
ukashuka tena, ukawa sawa na theluji ya nje.
Ilani ikaenda, na neno lake sahihi:
wamefariki.
Chini ya neno kuna kitufe kimoja tu. Kimeandikwa Sawa.

Siku tatu hakukibonyeza.

Nimemwandikia Villő.
Tunahitaji neno jingine pale.