Alama ya Pumzi

Jumatatu niliwagawia penseli nyekundu.
"Kila mnapotaka kuvuta pumzi, wekeni mkwaju."
Nje, mvua ya Blaenau ilipiga paa la shule
kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Gwenllian akauliza kama chafya nayo ina alama.
Macsen alikuwa na vina vitatu, vyote vya chakula.
Nikawaambia: shairi la kusemwa halinong'onezwi daftari.
Pandeni vitini. Mstari mmoja mwambieni dirisha,
mmoja kiatu cha jirani.
Neno likikukwama kooni si lako, liteme,
tafuta jingine.

Tegid hakupanda kiti.
Ukurasa wake ulikuwa mwekundu kuliko mweusi:

Babu / alikata
mlima / vipande
vipande / vya paa /
la mji / asioujua.

"Mikwaju imezidi, Tegid. Mstari unakatika."
Nikachukua kifutio, nikafuta miwili ya mwisho
kwa mkono wangu mwenyewe.
Akapatazama palipobaki doa.
"Ndivyo anavyosema, Mwalimu."

Miaka kumi na tisa nafundisha.
Nikamkumbuka mzee wa dukani, chimbo limemjaa kifuani,
akiomba mkate / ule / mweupe,
na foleni nyuma yake ikikagua sakafu,
nami nimo.

Nikamrudishia penseli. Sikusema kitu.

Ijumaa ukumbi ulinuka makoti mabichi na supu.
Macsen alisahau ubeti wa pili, akarudia wa kwanza,
akapigiwa makofi mara mbili.
Gwenllian alipiga chafya pale pale alipopanga.

Kisha Tegid. Hakupaza sauti nilivyomfunza.
Alikwenda taratibu, akitua kila penye wekundu,
na kila alipotua, safu ya tatu,
kifua cha mtu kikaitikia
kama msumeno kwenye jiwe.
Neno la mjukuu. Pumzi ya babu. Neno. Pumzi.
Sisi wenye mapafu mazima
tulikuwa tumezibana zetu.

Mlangoni mzee alinishika kiwiko.
"Vizuri / sana. Ila pale /
penye paa /
alikimbia."

Nikaitikia kwa kichwa.
Kifutio kilikuwa bado mfukoni mwangu,
kimeshika wekundu upande mmoja.