Boya

Aliniita boya mbele ya watu,
yule kijana wa vipuri pale Mwanga,
kisa nimehesabu chenji mara mbili
na mara zote mbili nikakosea.

Sikumjibu. Nililibeba hadi nyumbani
kama mtu aliyekanyaga kitu
na hataki kutazama soli.

Kamusi ya binti yangu, jalada lilishaliwa na mchwa,
ikasema: kitu kieleacho juu ya maji.
Basi. Tusi halimo.
Ila jirani yake wa chini ni bozi, mpumbavu;
labda kwa kulala ukurasa mmoja
wameambukizana.

Kinyozi Lumbwe akaapa: lilikuja na treni,
likabadili behewa Tabora,
likashuka Kigoma usiku, bila tiketi.
Mwalimu Ruhuza akasema, la, ni la mpirani,
beki anayeyumba palepale
huku mpira unampita.
Mke wangu alikuwa anachambua mchele.
"Ni kichwa," akasema. "Chako hata majini hakizami."
Wala hakucheka.

Jumamosi nilishuka Kibirizi kununua kamba.
Butoyi alikuwa kwenye nyavu zake,
anakata ndala kuukuu vipande vipande,
anavitoboa kwa msumari wa moto.
Moshi wa plastiki, harufu ya dagaa.
Nikamuuliza. Macho hakuyainua.

"Hili hapa lilikuwa ndala ya shemeji yangu.
Mjanja yule! Mji mzima ulimjua.
Hakuna aliyethubutu kumwita boya.
Alizama mwezi wa tatu,
ndala ikarudi peke yake."

Akaifunga kwenye ukingo wa wavu,
akavuta fundo kwa meno.

"Chubwi linashuka, watu wanasema: zito hilo, la maana.
Hili linakesha juu, linapigwa mawimbi,
limeshika wavu wote na deni langu la kikoba,
na asubuhi kila mtu anahesabu samaki."

Nikanyamaza. Nikalipa kamba.
Akanirudishia chenji, noti zimelowa, zimegandana,
nikahesabu.
Nikahesabu tena.

Alinitazama kwa mara ya kwanza.
"Boya wewe," akasema,
akanitupia kipande cha kisigino, cha buluu,
kina tundu katikati, bado cha moto.

Kimo mfukoni mpaka leo.
Mara nyingi nasahau kama kimo,
hakina uzito wowote.
Na ile chenji
ilipungua mia mbili.