Chale katika Nta

Milojka ana miaka sitini na minane.
Thelathini na mmoja kati ya hiyo alichonga meno ya nta
kwa watu wa bonde zima la Soča:
magego ya padri, meno ya mbele ya mpiga kodiani,
chonge la mwendesha trekta aliyepigwa teke na ng'ombe wake.
Sasa amestaafu, na sindano zilezile za chuma
zimelala juu ya meza ya jikoni
kando ya sufuria ambayo haitapikiwa tena supu.

Nta ni ya baba yake.
Ludvik aliiacha ghalani, mikate saba yenye rangi ya chai,
na siku alipoondoka, Milojka alishuka bustanini
akabisha hodi kwenye kila mzinga:
Bwana wenu hayupo. Kaeni nami.
Ndiyo desturi yao. Kwao nyuki
hafi kama kuku, kama paka.
Hufariki.

Nyuzi joto sabini na tano, basi.
Nta ikifuka moshi imeshakasirika.
Anapaka ubao tabaka la kwanza, analipulizia joto
mpaka ling'ae kama jicho la mtu anayejizuia kulia,
kisha anangoja. Tabaka la pili. Anangoja.
La tatu lina mguu wa nyuki ndani yake; hakuchuja vizuri.
Anauacha.

Halafu sindano.
Nta ikiwa moto mno, mstari hujifumba nyuma ya ncha kama maji;
ikipoa mno, hubanduka vigae.
Katikati kuna dakika kumi hivi,
uvuguvugu wa mkate wa jana uliopashwa,
na katika hizo anachora:
paa la ghala, uzio, mizinga tisa,
kisha mgongo wa mzee aliyeinama,
mstari mmoja, bila kuinua mkono.

Sisi tungesema anapiga chale,
maana nyuma ya wembe huja dawa.

Dawa yenyewe ni pasteli ya mafuta, buluu nzito,
aliyoinunua Gorica kwa bei ya kukosesha usingizi.
Anaisugua juu ya kila kitu, bila huruma,
ghala linazama, mizinga inazama,
mpaka mjukuu wake Neža, aliyekuja kutafuta chaja,
anasimama mlangoni:
"Bibi, umeiharibu."

Hajibu. Anachovya kitambaa katika mafuta ya alizeti,
anafuta polepole, kama mtu amfutavyo mtoto mdomo.
Buluu ya juu inaondoka.
Buluu ya ndani haiendi popote.
Kila palipochanjwa pamekunywa.
Wala si alichokusudia tu:
mkwaruzo wa ukucha, alama ya pete,
michirizi ambayo hajui imetoka wapi,
yote imejitokeza, kama wadeni siku ya mshahara.
Mmoja umepita kiunoni mwa mzee,
palepale alipozoea kujishika akiinuka.

"Huo hukuuchora," anasema Neža.
"Hapana."

Limebaki joto la mwisho,
la kuifunga rangi na nta ziwe kitu kimoja.
Anawasha mashine. Paa linalainika, uzio unatulia,
mizinga inameza buluu yake, mmoja mmoja.
Anapofika mgongoni, anaizima.

Pasteli ya mafuta haikauki, aliambiwa dukani,
hata ikae miaka kumi; isipopitishwa moto
itamchafua kila atakayeigusa.
Alimshukuru muuzaji, akaongeza kipande cha pili.

Usiku Neža ananawa kwa sabuni ya vyombo,
mara mbili, mara tatu,
anakiinua kidole cha shahada chini ya taa.
Kwenye vijifereji vya ngozi,
vile alivyozaliwa navyo, ambavyo hakuvichora mtu,
buluu.