Sifuri ya Ijumaa

Tartu, Januari, baridi nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Simu imenguruma juu ya sahani ya biskuti
saa tisa na dakika kumi na mbili usiku.
Ni Ülo, dereva.
“Maarika, mitambo yenu imelala? Sijapata orodha.”

Nimefungua kompyuta na soksi moja mguuni.
Chati zote kijani.
“Kila kitu kizima,” nimemwambia.
“Chati zako,” amesema, “hazingoji mlangoni.”

Wanaliita wingu.
Mama yangu alipolisikia jina hilo mara ya kwanza
aliuliza kama aanue nguo.
Lakini wingu letu halina hata tone:
ni ghala la mabati ng'ambo ya maji, Ufini,
feni zinavuma, mlinzi anakoroga kahawa,
nasi tumepanga humo pembe tusiyowahi kuiona,
tunalipa kwa sekunde,
kama mtu anayepimiwa pumzi.

Humo programu yetu tumeikata vipande,
kila kipande na ganda lake:
ganda la majina, ganda la njia,
ganda la kutuma ujumbe.
Ganda likifa, jingine huzaliwa kabla hujapepesa.
Hakuna matanga.
Hakuna anayeuliza marehemu aliacha kauli gani.

Mimi nauliza. Nasoma kauli, mstari kwa mstari,
na pale chini kabisa naona:
ganda la ujumbe limekufa mara mia nne na kumi na moja
tangu Ijumaa.
Limekufa, limefufuka, likafa,
kila mara na pumzi ya kutosha tu
kumwambia mkaguzi “niko salama,”
kisha chini, pu.
Wikendi hakuna aliyesafiri, basi hakuna aliyejua.
Tulifunzwa kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.
Huyu kifo hakikumuumbua.
Kifo ndicho kilichomsitiri.

Sababu ni nambari.
Rasmus, Ijumaa jioni, akiwahi treni ya Valga,
aliandika kikomo cha kumbukumbu sitini na nne
pale palipotakiwa mia sita na arobaini.
Sifuri moja aliondoka nayo mfukoni.

Na huko Põlva, Helve Kuusk,
miaka sabini na tisa, figo mbili zilizogoma,
amekaa ukumbini, buti miguuni, begi mapajani,
anautazama uso wa simu.
Bila ujumbe hatoki. Kupiga hapigi.
Si mtu wa kusumbua watu.

Ülo ana daftari. Penseli, karatasi zilizopata mafuta:
*Kuusk, Jumatatu, mlango wa bluu, usipige honi.*
Nasikia injini ikikohoa nyuma ya sauti yake.
“Wewe tengeneza lako,” amesema. “Mimi naenda.”

Nimeirudisha sifuri.
Nimeituma, nimengoja,
maganda ya zamani yakizimwa moja baada ya jingine,
mapya yakisimama na kubaki yamesimama.
Dakika nne. Biskuti tatu.

Kukicha nitaandika ripoti, na desturi yetu ni moja:
haisemi nani, inasema vipi.
Nitaandika kwamba mfumo ulijiponya haraka mno.
Rasmus atasoma na shingo itamwiva.
Nitaandika pia: tuwe na daftari.
Watacheka. Sitaufuta mstari huo.

Saa kumi na moja na robo
foleni iliyokwama imefunguka kwa mpigo,
na ndani ya begi, chini ya kitanda cha hospitali,
simu ya Helve imetetemeka mara tatu:
GARI LAKO LINAKUJA. GARI LAKO LINAKUJA. GARI LAKO
na yeye amenyoosha mkono,
damu yake inatoka kwa mrija huu,
inaoshwa katika mashine isiyo yake,
inarudi kwa ule.
Hajasikia kitu. Amelala.
Buti zake ziko chini, zimepangwa sawasawa,
bado zinavuja theluji.